Rupia, Reale na Hela: Kuijua Sarafu ya Kale Kabla Hujatoa Fedha Yako

Sarafu ya miaka 120 inayong'aa kama kijiko kipya ndiyo ya kwanza kuitilia shaka. Muuzaji atakusifia mng'ao huo, atasema "angalia ilivyo safi", na hapo hapo ameshakuambia tatizo lake: imesuguliwa.

Katika soko la sarafu za zamani za Afrika Mashariki hasara huja kwa njia tatu. Ya kwanza ni sarafu bandia. Ya pili ni sarafu halisi iliyoharibiwa na ndimu, stilwaya au lehemu. Ya tatu ni sarafu halisi iliyopandishwa daraja, yaani iliyochakaa lakini inauzwa kwa bei ya ile ambayo haijawahi kuingia mfukoni. Watu huogopa feki kuliko vyote, lakini iliyosafishwa ndiyo inayokula wengi, kwa sababu vipimo vyote inafaulu. Uzito wake ni sahihi, fedha yake ni ya kweli, na bado hakuna mkusanyaji makini atakayeilipia bei kamili. Kwa hiyo ipime kwanza, kisha itazame, na maneno ya muuzaji yasikilize mwisho kabisa.

Vifaa

Havizidi mfuko mmoja mdogo. Mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01 (ile ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai kitu hapa). Kalipa ya milimita. Lensi ya kukuzia mara 10. Sumaku ndogo yenye nguvu ya neodimi, hata ile ya ndani ya diski mbovu ya kompyuta. Glasi ya maji, uzi mwembamba wa nailoni, na taa moja ya mezani. Taa iwe moja tu. Ukiwa na balbu nyingi au mwanga wa jua uliotawanyika, mikwaruzo haionekani.

Kabla ya kupima chochote, weka kwenye mizani jiwe la kipimo lililokuja nayo. Mizani za bei nafuu hupotea haraka betri inaposhuka, na kosa la gramu 0.2 linatosha kuipitisha rupia mbaya.

Namba za kukariri

- Rupia ya Kijerumani, ile ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki (1890 hadi 1902) na ile ya serikali (1904 hadi 1914): gramu 11.66, upana milimita 30 hivi, fedha sehemu 917 kwa 1000. Nusu rupia ni gramu 5.83, robo ni gramu 2.92.
- Rupia mbili, za 1893 na 1894 tu: gramu 23.32, milimita 35.
- Rupia ya Mombasa ya 1888: gramu 11.66, fedha 917.
- Reale ya Maria Theresia, yenye mwaka 1780: gramu 28.07, milimita 40 hivi, fedha 833.
- Rupia 15 za dhahabu za Tabora, 1916: gramu 7.168, milimita 22 hivi, dhahabu 750.
- Hela moja ya Kijerumani: gramu 4, milimita 20. Hela tano za shaba za 1908 na 1909: gramu 20, milimita 37, sarafu kubwa inayojaza kiganja.
- Shilingi ya simba, 1921 hadi 1946: gramu 7.78, milimita 28 hivi, fedha 250 tu.

Rupia za Kijerumani na za Mombasa zina uzito mmoja kwa sababu zote ziliigiza rupia ya India, iliyokuwa ikitawala biashara ya pwani nzima. Ukikariri 11.66 umekariri nusu ya soko.

Sarafu hupungua uzito kwa kutumika, haiongezeki. Rupia iliyolika sana inaweza kusoma 11.3 au 11.4, na hilo ni jambo la kawaida. Inayosoma 11.9 haina maelezo mazuri. Inayosoma 9.8 si fedha, au si rupia. Jihadhari pia na ile inayosoma 11.66 kamili huku uso wake umelika mpaka masharubu ya Kaisari wa Ujerumani hayaonekani: kama amepoteza masharubu, gramu zake zimebakije?

Mghushi anayejua kazi atarekebisha uzito. Hapo ndipo kalipa inaponasa. Shaba iliyochanganywa na nikeli ni nyepesi kuliko fedha, hivyo ili aipate gramu 11.66 kwa upana ule ule, lazima sarafu iwe nene zaidi kwa takriban asilimia 16. Iweke karibu na rupia unayoiamini, zisimame kwa ukingo, na jicho tu litakuonyesha.

Kipimo cha maji

Hiki ndicho kipimo kimoja ambacho muuzaji wa mtaani hakitaki, na hakiharibu sarafu.

Pima sarafu ikiwa kavu, andika namba. Weka glasi yenye maji nusu juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi wa nailoni, kisha izamishe mpaka imefunikwa yote na maji, ukiwa umeishikilia juu. Isiguse chini wala ukuta wa glasi. Vipovu vilivyonata kwenye sarafu vipukute kwa kuitikisa kidogo, kwa sababu kipovu kimoja kinaweza kukuharibia hesabu. Mizani sasa itasoma namba ndogo. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo.

Tuseme rupia imesoma gramu 11.58 ikiwa kavu, na ndani ya maji mizani imesoma 1.12. Gawanya: 10.34. Hiyo ndiyo fedha ya 917. Kama ingekuwa shaba na nikeli, mizani ingesoma 1.30 na jibu lingekuwa 8.9. Shaba ya njano huangukia kati ya 8.4 na 8.7. Risasi hupanda hadi 11.3, ndiyo maana baadhi ya waghushi huichanganya ili kupandisha uzito. Reale halisi hukaa karibu na 10.2. Shilingi ya simba hukaa karibu na 9.3, kwa kuwa robo tatu yake si fedha, hata kama aliyeileta anaapa kuwa ni "fedha tupu".

Kwa dhahabu ya Tabora tofauti ni kubwa mno hata mizani mbaya itaiona. Iliyo halisi huongeza takriban gramu 0.47 kwenye maji na jibu huwa kati ya 15 na 16. Ya shaba iliyochovywa dhahabu, hata ikiwa na gramu 7.17 kamili, itaongeza karibu 0.84.

Robo rupia ni ndogo mno kwa kipimo hiki, kosa la gramu 0.01 tu hubadilisha jibu. Rudia mara tatu na uchukue wastani.

Sumaku na sauti

Fedha, dhahabu na shaba hazinaswi na sumaku. Ikinata, ndani kuna chuma na mazungumzo yameisha. Isiponata, hujathibitisha kitu, kwa sababu shaba iliyochovywa nayo hainati. Kuna njia bora: inamisha sarafu kama mteremko wa nyuzi 45 na uachie sumaku ndogo iteleze juu yake. Juu ya fedha huteleza pole pole kana kwamba inapita kwenye asali, juu ya shaba iliyochanganywa na nikeli huanguka moja kwa moja. Reale, kwa upana wake, inaonyesha vizuri zaidi.

Sauti hutumiwa sana sokoni, lakini usiidondoshe sarafu kwenye sakafu. Isawazishe juu ya ncha ya kidole, iguse ukingoni kwa penseli. Fedha nzuri hulia kwa mlio mrefu. Iliyosubiwa, yaani iliyomiminwa kwenye kalibu ikiwa imeyeyushwa, hutoa "tak" fupi. Sarafu halisi yenye ufa au iliyowahi kuunganishwa kitanzi nayo hutoa mlio mbovu, kwa hiyo mlio mbaya ni sababu ya kuchunguza zaidi, hautoshi kuihukumu.

Ukingo kwanza, sura baadaye

Wanaoanza hutazama kichwa cha Kaisari. Wazoefu hutazama ukingo, kwa sababu ndipo mghushi anapochoka.

Sarafu halisi ilipigwa kwa mashine kati ya chapa mbili kwa nguvu nyingi. Nakala rahisi husubiwa: chuma kilichoyeyushwa humiminwa kwenye kalibu ya vipande viwili. Vipande hivyo huacha mstari mwembamba kuzunguka ukingo, na anayeusugua kwa tupa huacha mikwaruzo ya tupa mahali pake. Meno ya ukingo wa rupia yanapaswa kusimama wima, yakiwa na nafasi sawa na makali. Yakiwa yamelala, yamejaa, au yanakatika sehemu moja, weka chini.

Juu ya uso, lensi itakuonyesha vishimo vidogo vya mviringo, alama za vipovu vya hewa, na pengine vipele vilivyoinuka ndani ya uwanja, yaani sehemu tambarare isiyo na mchoro. Herufi za sarafu iliyopigwa hupanda kutoka kwenye uwanja kwa ukuta mkali. Za iliyosubiwa zina mabega ya mviringo, kama sabuni iliyotumika wiki moja.

Nakala za kisasa zilizopigwa kwa mashine ni ngumu zaidi, na hizi ndizo zinazojaa mitandaoni. Dalili yao kubwa ni kovu linalojirudia. Mghushi alitengeneza chapa yake kutokana na sarafu moja halisi, na kama sarafu hiyo ilikuwa na mkwaruzo shavuni, kila nakala itazaliwa na mkwaruzo huo huo mahali pale pale. Ukiona rupia mbili za wauzaji wawili zenye jeraha moja, zote mbili ziache.

Sarafu moja moja

*Rupia ya Kijerumani.* Soma mwaka. Rupia za Kampuni, zenye maandishi DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT na simba mbele ya mtende, ziliishia 1902 na hazina herufi ya kiwanda. Za serikali zilianza 1904 na zina herufi ndogo, A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Kwa hiyo rupia ya 1903, au ya 1915, ni ndoto ya mtu. Vivyo hivyo rupia ya simba na mtende yenye herufi J. Waghushi wa karakana ndogo huchanganya upande wa mbele wa aina moja na wa nyuma wa aina nyingine, na mchanganyiko huo hauhitaji hata mizani.

*Rupia mbili.* Ichukulie kila moja kuwa bandia mpaka ijisafishe yenyewe. Ni adimu, ni kubwa, inapendeza kwenye picha, na ndiyo sababu inaghushiwa sana. Mwaka tofauti na 1893 au 1894 haupo.

*Pesa ya shaba ya Kampuni.* Hapa kuna kipimo kizuri kwa anayesoma tarakimu za Kiarabu. Upande mmoja una mwaka wa Kizungu, wa pili una wa Hijria, na lazima viende pamoja: 1890 na 1307, 1891 na 1308, 1892 na 1309. Ikiwa 1890 imekutana na 1309, pande hizo mbili hazikuzaliwa pamoja.

*Reale ya Maria Theresia.* Mwaka wake ni 1780 daima. Malkia huyo alifariki mwaka huo, na tangu hapo sarafu ikaendelea kupigwa kwa mwaka ule ule, Vienna, kisha Roma, London, Paris, Brussels, Bombay na kwingineko, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Omani na Unguja hawakutaka nyingine. Kwa hiyo "ya mwaka 1780" si hoja ya bei. Iliyo mpya, yenye kung'aa kama kioo, huuzwa karibu na thamani ya fedha iliyomo, gramu 23.39 za fedha safi. Fanya hesabu hiyo kabla hujakubali bei ya "sarafu ya miaka 240".

Wafanyabiashara wa zamani walihesabu lulu za bruchi begani, nazo ni tisa. Hesabu nawe. Chini ya kifua kuna herufi S.F., na upande wa tai, mbele ya namba 1780, kuna alama ya msalaba mlalo kama X. Kisha zungusha ukingo: maneno JUSTITIA ET CLEMENTIA yameinuka juu ya ukingo pamoja na mapambo. Ukingo mtupu, au wenye meno kama rupia, au wenye herufi zilizozama badala ya kuinuka, unatosha kuikataa.

*Dhahabu ya Tabora.* Ilipigwa 1916 katika karakana ya reli ya Tabora, wakati wa vita, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Zilitoka 16,198 tu. Upande mmoja una tembo mbele ya mlima, na wa pili tai wa kifalme. Kuna aina mbili, kulingana na mahali pambo la kulia linapoishia chini ya neno OSTAFRIKA: chini ya T, au chini ya A ya kwanza. Pambo likiishia pengine popote, iache. Kwa kuwa ilitengenezwa karakana, usitegemee ukamilifu wa Berlin, lakini ngozi ya tembo na mandhari huwa na mistari myembamba inayosomeka kwenye lensi. Kwenye nakala huwa uji. Tatizo gumu ni nakala za dhahabu halisi zilizotengenezwa kwa ajili ya vito. Hizo zinafaulu maji, sumaku na mizani. Sarafu hii usiinunue bila kuipeleka kwa wataalamu wa kuthibitisha, hata kama mwenye nayo ni mzee wa heshima na ameirithi kihalali. Yeye mwenyewe huenda aliuziwa.

*Hela ishirini za Tabora.* Za shaba nyekundu na za shaba ya njano, zote za 1916 zenye herufi T. Uzito wake hupishana sana, kwa sababu chuma kilikuwa cha kuokoteza, yakiwemo maganda ya makombora. Hapa mizani haisaidii sana. Tazama umri wa uso: njano kali ya nakala mpya haifanani na kahawia iliyotulia ndani ya herufi. (Neno letu "hela" lenyewe lilitokana na sarafu hizi za Heller, na limeishi kuliko fedha iliyolizaa.)

*Senti za Edward wa Nane.* Senti tano na senti kumi za 1936 zenye tundu na jina EDWARDVS VIII hutangazwa kila mara kuwa za mamilioni ya shilingi kwa kuwa mfalme huyo hakukaa mwaka. Ni halisi. Lakini zilipigwa kwa wingi mkubwa, nyingi zimelika, na bei yake ni ndogo. Adimu ni zile sarafu za nyumbani kwake zenye sura yake. Hizi za kwetu hazina sura.

*Riyali za dhahabu za Sayyid Barghash.* Za mwaka 1299 wa Hijria. Zilizopo duniani ni chache mno, na hazitembezwi kwenye kitambaa Kariakoo.

Halisi lakini imeuawa

Sasa njia ya pili ya hasara. Fedha ikikaa hewani kwa miaka hujenga utando: kijivu, kahawia, wakati mwingine buluu au zambarau ukingoni. Utando huo ni wa thamani, kwa sababu unaonyesha uso haujaguswa. Mwenye nyumba akaiona sarafu nyeusi kabatini, akaona uchafu, akaleta ndimu na majivu. Dakika tano baadaye imekuwa nyeupe, na bei imeshuka nusu au zaidi.

Kuigundua: washa taa moja, shika sarafu kwa ukingo, izungushe taratibu chini ya mwanga. Kwenye sarafu isiyoguswa, mng'ao huzunguka kama spoki za gurudumu, ukifuata mkono wako. Kwenye iliyosuguliwa mng'ao umetulia mahali pamoja, na lensi inaonyesha maelfu ya mistari midogo inayoelekea upande mmoja. Stilwaya huacha mistari minene, dawa ya meno huacha mistari laini kama ukungu. Ukwaju na ndimu haviachi mistari, lakini huula uso ukawa mkavu na mweupe kama chaki, na kwenye shaba huacha rangi ya waridi ambayo shaba ya zamani haina. Tazama pia kuzunguka herufi: ikiwa uwanja ni mweupe na ndani ya pembe za herufi kumebaki weusi, kitambaa kilipita juu lakini hakikufika ndani.

Wengine hujua kuwa nyeupe haiuziki, wakaitia utando upya kwa salfa au kwa kuifungia na yai lililochemshwa. Rangi ya kutengenezwa hukaa juu ya mikwaruzo badala ya chini yake, huwa kali mno, na hushika uso wote kwa usawa. Utando wa kweli huanzia ukingoni na kuingia ndani polepole.

Kwa sarafu za pwani jeraha la kawaida ni kitanzi. Reale na rupia zilivaliwa kwenye mikufu na vidani vizazi kwa vizazi. Kitanzi kikiondolewa, kovu hubaki juu kabisa, mahali pa saa 12: ukingo umevimba au umesawazishwa kwa tupa, meno hayapo, na kuna doa la lehemu lenye rangi tofauti. Tundu lililozibwa ni gumu zaidi kuliona. Pulizia pumzi juu ya sarafu: ukungu hutoweka kwa kasi tofauti juu ya chuma tofauti, na duara la kizibo hujitokeza kwa sekunde moja. Kisha fuata mistari ya mchoro. Fundi akichora upya nywele juu ya kizibo, mkono wake haufanani na wa chapa.

Shaba iliyotoka ardhini karibu na bahari ina hatari yake. Utando wa kijani kibichi uliokolea, mgumu, laini, ni salama na wengine huupenda. Unga wa kijani kilichopauka unaopukutika ukiugusa ni kutu inayotokana na chumvi, na huendelea kula sarafu hata ukiwa umeifungia. Usiichanganye na nyingine. Na ikiwa sarafu ni za Kilwa au za kale namna hiyo, zenye maandishi ya Kiarabu na zimetoka kuchimbwa, achana nazo kabisa: zinalindwa na sheria ya mambo ya kale, na aliyezichimba kwa jembe ameshaharibu habari yenye thamani kuliko chuma chenyewe.

Daraja

Kipimo kinachotumika zaidi duniani kina namba 1 hadi 70. Kwa ufupi: karibu na 12 imelika vya kutosha, 20 hadi 35 mchoro mkubwa wote upo, 40 hadi 45 imelika kwenye vilele tu, 50 hadi 58 imeguswa kidogo, 60 na kuendelea haijawahi kutumika. Rupia nyingi huuzwa kwenye minada ya Ujerumani, na hapo lugha inapotosha. "Sehr schön" maana yake ni nzuri sana, lakini katika daraja ni sarafu iliyotumika, sawa na 20 hadi 35. "Schön" ni iliyolika hasa. "Vorzüglich" ndiyo inayofikia 40 na zaidi. Muuzaji anayetafsiri neno kwa neno amekupandishia ngazi mbili bila hata kudanganya.

Kwenye rupia tazama sehemu nne zilizoinuka zaidi: bawa la tai juu ya kofia ya Kaisari, masharubu, sikio, na bega. Hapo ndipo vidole na mifuko hula kwanza. Upande wa simba, tazama nyusi na manyoya ya shingo. Kwenye reale, tazama bruchi, nywele juu ya sikio, na manyoya ya kifua cha tai.

Kosa la pande zote mbili ni kuchanganya kulika na kupigwa kwa unyonge. Chapa ikichoka au ikikosa nguvu, kilele hakijai tangu siku ya kwanza. Inamishe chini ya taa: ikiwa bawa halina manyoya lakini mng'ao wa gurudumu unapita juu yake bila kukatika, lilizaliwa hivyo. Ikiwa juu ya bawa kuna kijivu laini kisicho na uhai, limelika. La kwanza linaweza kuwa 62, la pili ni 45, na kwa rupia adimu pengo la bei ni kubwa.

Usipime daraja kwa mwaka. "Ni ya 1890, kwa hiyo iko vizuri kwa umri wake" si daraja. Sarafu hazipewi msamaha wa uzee.

Ukinunua kwa picha

Omba picha tano: pande mbili, ukingo, sarafu ikiwa juu ya mizani namba ikisomeka, na video fupi ikizungushwa chini ya taa. Video ndiyo muhimu. Picha iliyopigwa kwa mwanga mweupe wa juu huficha mikwaruzo yote, na picha iliyoongezewa rangi hugeuza kijivu kuwa upinde wa mvua.

Anayekataa kupima huku akieleza kuwa rupia yake inavuta mchele, au ina zebaki ndani, hana sarafu, ana mtego. Rupia ni fedha na shaba, basi. Haivuti mchele wala wembe, na hakuna mnunuzi wa Uarabuni anayesubiri kulipa mabilioni kwa inayovuta. Mara nyingi mnunuzi huyo na muuzaji ni watu wa kundi moja, na anayeliwa ni yule wa katikati aliyekopa ili "aikomboe".

Sarafu iliyofungwa kwenye kasha la plastiki lenye namba inasaidia, lakini makasha nayo hughushiwa. Ingiza namba kwenye tovuti ya kampuni iliyoithibitisha sarafu, NGC au PCGS. Usitosheke kuona kwamba namba ipo, kwa kuwa mghushi hunakili namba ya kweli. Kama kampuni imeweka picha, tafuta alama moja ya kipekee, tuseme kidoa cheusi juu ya U ya GUILELMUS, na uone kama iko kwenye sarafu uliyoshika. Soma pia neno "Details" kwenye lebo: maana yake ni halisi lakini imesafishwa au imejeruhiwa, na muuzaji mjanja hupiga picha akiwa amefunika sehemu hiyo kwa kidole gumba. Kasha la duka lenye "MS 67" (yaani haijatumika, daraja 67) iliyochapwa na mwenye duka ni plastiki tu.

Ukiipata nzuri, isikae kwenye vijaladi laini vya plastiki vinavyonuka kama pazia jipya la bafu, kwa kuwa hutoa ute wa kijani unaonata. Ikiwa ute umeshaanza, izamishe kwenye asetoni safi kwa dakika chache dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali, iache ikauke yenyewe juu ya kitambaa cha pamba, usiifute. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai, ina mafuta na manukato. Ndimu iache kwenye samaki.